Dizeli ikipenya kidoleni: tundu dogo, hatari kubwa

Katika injini nyingi za kisasa za dizeli, presha ya mafuta yanayokwenda kwenye nozeli inaweza kuzidi mara 500 presha ya upepo wa tairi. Yakichirizika kwenye ufa mdogo wa paipu, hupenya ngozi na kusambaa ndani ya mkono.

Jeraha huonekana kama tundu la sindano na mwanzoni huenda lisiume. Usisubiri livimbe. Ukichelewa kutibiwa, unaweza kukatwa kidole.

Jikinge

- Zima injini na usubiri presha ishuke kabla ya kulegeza nati.
- Tafuta panapovuja kwa kipande kirefu cha boksi, kamwe si kwa kidole.
- Vaa miwani ya kinga.

Ukijeruhiwa

- Vua pete, osha kwa maji na sabuni, kisha inua mkono.
- Usikamue, usichanje, usikande kwa maji ya moto.
- Usile wala kunywa. Huenda ukahitaji upasuaji.
- Nenda mara moja kwenye hospitali yenye huduma ya upasuaji. Sema wazi kwamba dizeli yenye presha kubwa imeingia ndani ya ngozi, na ilikuwa saa ngapi.