Onyonka Alirudi, wa Minnesota Mbona Hawarudi?

Kila harambee ya tiketi huku Keroka, lazima mzee mmoja asimame: "Wa zamani walisoma wakarudi. Nyinyi mnapotelea Minnesota." Wasee, hebu tuangalie historia vizuri.

Septemba 1959, ndege ya kwanza ya Tom Mboya iliwapeleka wanafunzi 81 Marekani. Waliporudi, Kenya ilikuwa na uhuru, wazungu wanaondoka, ofisi ziko wazi. Zachary Onyonka wetu wa Kitutu alisoma hukohuko Marekani, akarudi kufundisha uchumi chuoni Nairobi, na 1969 akawa mbunge na waziri. Na alikuwa na miaka thelathini tu!

Sasa nesi wa Nyamira aliyesomea Minnesota arudi akalie kiti gani? Vile vilijaa kabla mamangu hajazaliwa. Huko ana kazi, analipia wadogo zake karo. Hata bunge la jimbo wameingia: 2024 alichaguliwa Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Nyamira.

Kurudi au kutorudi hakuniumizi kichwa. Mimi nawaza wale ambao shamba lao liliuzwa ili mmoja apande ndege. Wamebaki hapa, bila shamba, bila tiketi, wakingoja simu.