Mtungi Mweusi wa Barabara ya Kitui

Begani mwa mtungi wa oksijeni, pale chuma kinapojikunja kuelekea vali, kuna maandishi ambayo wateja wengi hawana habari nayo. Ni nambari zilizogongwa kwenye chuma chenyewe: uzito, ujazo, na tarehe za kila mara mtungi ulipopimwa kuona kama bado unahimili shinikizo. Katika mabanda ya kuchomelea kando ya barabara ya Thika–Garissa, hapa Kithimani, fundi makini hufuta vumbi kwa kiganja na kuzisoma kabla hajaupokea mtungi. Mimi nazisoma kama kumbukumbu za kampuni iliyotimiza miaka 85 mwaka 2025, BOC Kenya, ambayo huku kwetu moto wake unajulikana kuliko jina lake.

Ilianza mwaka 1940 ikiitwa East African Oxygen. Mwaka huo Italia iliingia vitani, na haukupita muda majeshi yakapitia Garissa kwenda Kismayu. Reli, malori na karakana za Kenya zilihitaji kukata chuma na kukiunga, na oksijeni ni bidhaa isiyopenda safari ndefu. Mtungi mkubwa ni kilo 60 na zaidi za chuma zinazobeba kilo 10 hivi za gesi. Ukiuleta kwa meli kutoka Ulaya, nauli yote umeilipia chuma. Kwa hiyo gesi hutengenezwa karibu na anayeitumia, na malighafi yake ni hewa hii tunayovuta: hupozwa mpaka iwe maji, kisha oksijeni, inayochemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, ikatenganishwa na naitrojeni. Makao ya kampuni yako eneo la viwanda Nairobi, kwenye Barabara ya Kitui, jina linalotufurahisha sisi wa Ukambani.

Mama wa kampuni hii alizaliwa London mwaka 1886, kwa mikono ya ndugu wawili Wafaransa, Arthur na Léon Brin. Wakati huo hakuna aliyekuwa akikata chuma kwa gesi; oksijeni yao iliwasha taa za chokaa kwenye majukwaa ya michezo ya kuigiza. Mwaka 1906 ikawa British Oxygen Company, na wakati huo tochi ya oksijeni na asetilini ilikuwa imekwisha kutokea Ufaransa. Tangu 2006 iko chini ya kampuni ya Linde.

Lakini historia hii huonekana vizuri zaidi bandani. Kazi nyingi za Kithimani, mageti, madirisha, minara ya matangi ya maji, humalizwa kwa mashine ya umeme na rodi. Gesi huitwa pale chuma kinapokuwa kinene: chasi ya lori, ekseli ya mkokoteni wa punda. Fundi hufungua asetilini kwanza, kidogo, na kuipiga cheche. Moto unatoka wa manjano, ukirusha masizi yanayoelea kama nyuzi na kutua kwenye nywele. Anaongeza oksijeni, moto unageuka buluu, unafupika, unavuma. Ndani yake inabaki koni ndogo nyeupe yenye ncha, na hapo joto limepita nyuzi 3,000. Anaushikilia ukingoni mwa chuma mpaka kiive, ndipo anabonyeza kishikio. Wengi hudhani chuma kinayeyuka tu. Kinaungua! Oksijeni safi hukichoma kama kuni, na majivu yake hupulizwa chini yakiwa mekundu.

Mtungi wa pili, wa rangi ya damu ya mzee, ni wa asetilini, na tumbo lake si tupu. Limejazwa kitu chenye vinyweleo kilicholoweshwa asetoni, kwa sababu asetilini ikishindiliwa peke yake hulipuka. Ndiyo maana haulazwi ukitumika, na nati zake hukazwa kuelekea kushoto ili mipira isibadilishwe kwa bahati mbaya. Msweden Gustaf Dalén, mmoja wa waliotufikisha hapa, alipofushwa na mlipuko wa asetilini mwaka 1912, mwaka uleule aliopata Tuzo ya Nobel. Kila ninapoona fundi bila miwani namkumbuka, na roho inaniuma.

Kampuni iliingia soko la hisa la Nairobi mwaka 1969. Ng'ambo ya mpaka, mwenzake katika biashara ya gesi, Tanzania Oxygen Limited, ilikuwa kampuni ya kwanza kuorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, mwaka 1998. Mwishoni mwa 2020 kampuni nyingine ya gesi, Carbacid, ilitaka kuinunua BOC Kenya kwa shilingi 63.50 kila hisa, mzozo ukazuka na kesi ikakokotwa kwa miaka.

Ninachokithamini zaidi katika miaka hiyo 85 kilitokea wakati wa korona. Oksijeni ya fundi na ya mgonjwa hutoka katika hewa ileile. Tofauti ni usafi wa mtungi na ukaguzi wake. Mwaka 2021, wagonjwa walipozidi, serikali iliwasihi wenye mitungi iliyokaa bure waiachilie. Ghafla kile kilichosimama kwenye kona ya banda kikahesabiwa kwa pumzi za watu.

Hata leo mtungi mpya ukifika, fundi hufungua vali nukta moja na kuifunga, gesi ipulize vumbi mdomoni, kisha hufunga rigulata. Kijana anayejifunza kazi akisogea na mikono yenye grisi hufukuzwa, maana mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo huwaka bila kiberiti. Anaenda kwenye ndoo, ananawa kwa sabuni mpaka viwikoni, anarudi na kuinyoosha mikono ikaguliwe pande zote mbili.