Asiyekubali Kushindwa si Mshindani: Vita dhidi ya Udanganyifu Michezoni, kutoka Ubao wa Bao hadi Simu za Rumonge

Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumtuliza aliyeshindwa. Lakini inamgusa pia yule aliyeshinda kwa hila, kwa sababu naye alikataa kushindwa. Insha hii inafuatilia jinsi watu walivyomkabili mshindi wa aina hiyo, tangu mchezo ulipokuwa wa kete na ubao hadi ulipohamia katika simu ya mkononi. Naandika nikiwa mwanafunzi niliyekulia Rumonge, mji wa wavuvi na mawese ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura. Hoja yangu ni kwamba katika safari hiyo uwezo wa kumkamata mdanganyifu umeongezeka sana, lakini nafasi ya mtuhumiwa kusikilizwa imepungua.

Tuanze na ubao. Katika nchi za Maziwa Makuu mchezo wa ubao wa safu nne una majina mengi. Burundi na Rwanda huitwa igisoro, Uganda huitwa omweso, na Waswahili wana bao lao. Ubao wa bao una mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza akiwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, kisha katika hatua ya namua huingiza kete moja kila zamu. Hesabu hii ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya wizi, kwani kete ikifichwa au ikiongezwa, jumla haitakuwa tena 64. Kinga ya pili ni watazamaji. Mchezaji mwepesi wa mkono anaweza kudondosha kete mbili katika shimo moja, au kuruka shimo wakati anasambaza. Lakini bao huchezwa barazani, na waliokaa pembeni huhesabu kimoyomoyo pamoja naye.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimsindikiza babu, mzaa mama, jioni alipokwenda kucheza na wazee wenzake. Mtu akikosea, sauti moja ilitosha: "Rudisha." Zamu ilirudiwa polepole mbele ya wote. Kama aliyetuhumiwa alibisha, alionyesha alikoanzia na alikoishia, na wazee wakaamua. Adhabu ilikuwa aibu, na aibu katika mtaa mdogo ni adhabu nzito. Hata hivyo tusilisifu baraza kupita kiasi. Neno la mzee lilishinda la kijana hata pale kijana alipokuwa na haki, na mgeni hakuwa na wa kumtetea. Ila jambo moja lilikuwepo siku zote: mtuhumiwa alijua ametuhumiwa nini, na alipewa nafasi ya kujibu.

Simu ilibadilisha mambo hayo kwa haraka. Mchezo wa Free Fire wa kampuni ya Garena ya Singapore ulitoka mwaka 2017, na PUBG Mobile ukafuata mwaka 2018. Katika wa kwanza wachezaji wapatao 50 hushuka kisiwani na kupambana hadi abaki mmoja au kundi moja. Katika wa pili hufika 100. Free Fire iliweza kuchezwa hata kwa simu za bei nafuu, na ndiyo maana vijana wengi wasio na kompyuta waliipata. Kwetu Rumonge, kijana akishanunua mega kidogo na simu ikiwa na chaji, anaweza kukutana na mpinzani wa nchi ambayo hataikanyaga maisha yake yote. Hapo hakuna baraza. Mpinzani haonekani, na mkono wake hauonekani.

Ili kuelewa udanganyifu wa simu, inafaa kujua mchezo unahesabiwa wapi. Sehemu ya kazi hufanywa na kompyuta kuu za kampuni, na sehemu nyingine hufanywa na simu ya mchezaji mwenyewe, ili mchezo usikwame mtandao unapokuwa dhaifu. Mdanganyifu huingilia hiyo sehemu ya pili. Huweka programu iliyochezewa inayolenga shabaha badala yake, au inayomwonyesha adui aliye nyuma ya ukuta, au inayomfanya akimbie kuliko wengine. Ni sawa na mcheza bao anayepewa ruhusa ya kuhesabu kete zake peke yake chumbani, kisha anatoka na kutangaza jumla.

Vita dhidi ya hila hizi vilianza kwenye michezo ya kompyuta kabla ya simu. Programu ya PunkBuster, iliyoanza mwaka 2000, ilikagua kompyuta ya mchezaji ikitafuta programu za udanganyifu. Mwaka 2002 kampuni ya Valve ya Marekani ilileta mfumo wake, VAC. Baadaye ilionekana kwamba ukimfungia mdanganyifu papo hapo, anayetengeneza programu hizo hujua mara moja ni kitu gani kimemfichua, naye hukibadilisha. Kwa hiyo VAC ilizoea kusubiri na kuwafungia wengi kwa pamoja. Mwaka 2023 Valve ilitumia mtego katika mchezo wa Dota 2. Iliweka ndani ya mchezo taarifa ambazo mchezaji mwaminifu hawezi kamwe kuzisoma, na zaidi ya akaunti 40,000 zilizozisoma zikafungiwa. Mvuvi wa Rumonge angeelewa mara moja kwamba hicho ni chambo.

Serikali nazo ziliingia. Mwishoni mwa mwaka 2016 bunge la Korea Kusini lilipitisha sheria inayofanya kutengeneza na kusambaza programu za udanganyifu kuwa kosa la jinai. Nchini China, mwaka 2021, polisi wa Kunshan wakishirikiana na kampuni ya Tencent walikamata watu 10 waliotuhumiwa kuendesha biashara ya programu hizo. Hapa ndipo tunaona ukubwa wa jambo lenyewe. Udanganyifu ulikuwa umekuwa bidhaa yenye watengenezaji, wauzaji na wateja. Mtu hakuhitaji tena wepesi wa mkono, alihitaji pesa tu.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba mashine pekee ndizo zinazoweza kupambana na hila za leo. Tukio la Nairobi linatuonya tusiharakishe. Mwezi wa Aprili 2023, katika mashindano ya wazi ya sataranji ya Kenya, mwanafunzi mmoja wa kiume alijiandikisha katika kundi la wanawake kwa jina la kike, akavaa buibui na niqabu. Zawadi ilikuwa kubwa, na aliwashinda wachezaji wenye majina. Waamuzi walisita mwanzoni, kwa kuwa vazi hilo ni la heshima na hakuna ubaya kulivaa. Waliomfichua ni watu wenye macho. Walishangaa kumwona mgeni asiyejulikana akiwashinda mabingwa, hazungumzi na mtu, na viatu vyake havikufanana na vya wanawake wengine. Alipoitwa pembeni na kuulizwa, alikiri, akaomba radhi na kueleza kuwa shida ya fedha ndiyo iliyomsukuma. Aliondolewa mashindanoni na suala lake likapelekwa mbele ya kamati ya nidhamu. Tukio hili lina hatua zote ambazo baraza la bao lilikuwa nazo: shaka, swali, jibu, kisha hukumu. Aliyekosa aliadhibiwa, lakini hakuna aliyemhukumu bila kumsikia.

Sasa nirudi Rumonge, kwa kuwa mambo mawili niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya niandike. La kwanza lilitokea likizo moja, tulipofanya mashindano madogo ya simu, kila mmoja akitoa faranga 2,000 kwa ajili ya zawadi. Kila mtu alicheza akiwa kwao. Kijana mmoja alishinda kila raundi, na waliotolewa wakalalamika kwamba alikuwa akiwapiga risasi kabla hawajatokeza. Alikana. Kaka mmoja mkubwa aliyekuwa akitunza pesa hakumfukuza wala kumtukana. Alisema fainali irudiwe wote wakiwa chumba kimoja, simu zikiwa juu ya meza, na kila simu ikaguliwe na mpinzani kabla ya kuanza. Yule kijana hakuja. Hatukuhitaji ushahidi mwingine, na pesa zikaenda kwa aliyestahili. Bila kujua, tulikuwa tumelirudisha baraza.

La pili lilimpata binamu yangu. Alikuwa amenunua simu iliyotumika, kama tunavyofanya wengi wetu. Baada ya wiki chache akaunti yake, aliyoijenga kwa miaka miwili, ilifungiwa. Alipata ujumbe mfupi kwa Kiingereza ukisema amevunja kanuni. Hakuelezwa ni kanuni gani, siku gani, wala kwa kitendo gani. Aliandika kuomba ufafanuzi, akajibiwa kwa maneno yaleyale. Zipo kampuni zinazofungia simu yenyewe pamoja na akaunti, kwa hiyo inawezekana alikuwa akilipa deni la mwenye simu wa kwanza. Inawezekana pia alikosea kweli. Mimi namwamini, lakini imani yangu si ushahidi. Kinachoniuma ni kwamba hapakuwa na mahali pa kulijua hilo. Marafiki zake walianza kumwita mwizi, naye hakuwa na ubao wa kuonyesha alikoanzia na alikoishia.

Wapo watakaosema kwamba kampuni yenye mamilioni ya wachezaji haiwezi kumsikiliza kila mmoja, na kwamba ikieleza kila kitu itawafundisha wadanganyifu mbinu mpya. Hoja hii ina uzito, na historia ya VAC inaiunga mkono. Lakini kuficha mbinu ya kukamata si sawa na kuficha kosa lenyewe. Polisi wa ziwani hawalazimiki kuwaambia wavuvi doria itapita saa ngapi. Hata hivyo wanapomkamata mtu kwa nyavu zenye matundu madogo, humwonyesha nyavu hizo. Vivyo hivyo kampuni inaweza kumwambia mchezaji tarehe, mchezo na aina ya kosa, na kumpa nafasi moja ya kujibu kwa mtu badala ya mashine, kwa lugha anayoielewa.

Kwa kuhitimisha, historia hii inaonyesha kwamba michezo haikuwahi kuwa safi, na kwamba kila kizazi kilibuni ulinzi wake. Wazee walikuwa na hesabu ya kete 64 na macho ya baraza. Sisi tuna programu zinazokagua mamilioni ya simu kwa usiku mmoja. Ulinzi wetu unafika mbali zaidi, nao unahitajika, kwa kuwa hila zimekuwa biashara. Lakini wazee walikuwa na neno moja ambalo mashine bado haijajifunza. Waliposema "rudisha", walimaanisha kosa lako limeonekana, na pia walimaanisha tuonyeshe tena, tupo tunatazama. Wanafunzi wenzangu tunaoandaa mashindano ya simu katika vyuo na mitaa yetu tunaweza kuanza na neno hilo bila kusubiri kampuni yoyote: wachezaji wakae pamoja, simu zikaguliwe, na anayetuhumiwa asikilizwe kabla ya kutolewa.