Sindano iliyompa muuguzi ratiba

Dawa ya klopromazini ilipoanza kutumika katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, mwaka 1952, wagonjwa wa skizofrenia waliokuwa wamefungiwa miaka nenda miaka rudi walianza kutulia na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Huko wengi waliacha vidonge, na ugonjwa ukawarudia. Jibu lilipatikana mwaka 1966: dawa ya flufenazini iliyounganishwa na asidi ya mafuta, kisha ikayeyushwa katika mafuta ya ufuta, yaleyale ya jikoni yakiwa yamesafishwa. Muuguzi huivuta ngozi ya tako kando kwa vidole, akaizamisha sindano hadi ndani ya msuli, akasukuma dawa polepole kwa kuwa mafuta ni mazito. Husubiri kidogo ndipo achomoe, na ngozi ikiachiwa hurudi mahali pake na kuziba njia, mafuta yasivuje. Tangu hapo dawa hujipenyeza kwenye damu kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne.

Wako wanaoisifu sindano hii kwamba ndiyo iliyowatoa wagonjwa hospitalini. Tarehe zinawakatalia. Vitanda vya hospitali za akili England na Wales vilifikia kilele mwaka 1954, karibu 150,000, na Waziri wa Afya Enoch Powell alitangaza mpango wa kuzifunga hospitali hizo mwaka 1961, miaka mitano kabla ya sindano. Hata wauguzi wa kuwafuata wagonjwa majumbani walikuwapo: hospitali ya Warlingham Park, karibu na London, ilianza kuwatuma mwaka 1954. Kwa maoni yangu, sindano iliwapa wauguzi hao kitu walichokikosa, yaani ratiba. Kidonge kikitupwa chooni hakuna ajuaye mpaka mgonjwa aanze tena kusikia sauti. Sindano ikikoswa, kliniki inajua siku hiyohiyo na mtu anaweza kwenda kubisha hodi.

Kwamba dawa yenyewe inafanya kazi si jambo la kubishania. Katika utafiti wa London uliochapishwa mwaka 1973, ambapo mgonjwa wala daktari hakujua nani anapewa nini, waliorudiwa na ugonjwa ndani ya miezi tisa walikuwa asilimia 8 kwa waliochomwa dawa na asilimia 66 kwa waliochomwa mafuta matupu. Ubishi ni kama sindano inakishinda kidonge. Utafiti wa mwaka 2011 kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani haukuona tofauti ya maana. Mwaka huohuo, kumbukumbu za wagonjwa 2,588 nchini Finland zilionyesha kwamba waliokuwa wakichomwa walikabiliwa na hatari ya kulazwa tena iliyokuwa kama theluthi moja tu ya ile ya wanaomeza dawa ileile. Mimi sioni mgongano. Anayeshiriki majaribio kama hayo ya Marekani hupigiwa simu, huulizwa hali yake, hukumbushwa tarehe. Anayemeza vidonge naye amepata muuguzi. Finland ilipima maisha ya kawaida, na huko chini ya nusu ya waliotoka hospitalini waliendelea na dawa zao kwa siku 30.

Pingamizi zito ni kwamba ratiba hiyo inaweza kugeuka pingu. Lina msingi. Dawa ikishaingia msulini haitoki, hata mtu akianza kutetemeka au akashindwa kutulia kitini. Mwaka 1969 madaktari de Alarcon na Carney waliripoti katika British Medical Journal huzuni kali iliyowapata wagonjwa baada ya kuchomwa. Kulazimisha nako hakukuleta faida iliyotarajiwa: England iliporuhusu amri za tiba nje ya hospitali, utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikuta asilimia 36 ya waliowekewa amri wamelazwa tena, na asilimia hiyohiyo kwa wasiowekewa. Ikiwa nguvu ya sindano ni kufuatiliwa, anayekuja kwa hiari anaipata yote bila amri yoyote.

Kwa hiyo sishangilii sana sindano ya paliperidoni ya kuchomwa kila miezi sita iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Itamfaa aliyetulia na anayeishi mbali na kliniki. Nauli peke yake ni sababu tosha. Lakini serikali yenye wauguzi wachache itashawishika kuona kwamba imepata njia ya kuwapunguza zaidi, na hapo mgonjwa atakuwa anaonwa mara mbili kwa mwaka.