Habari za Mahakama Maalum na Haki ya Rufani

Tumetakiwa na Kamati tuandike katika kitabu hiki cha mwaka habari za rufani, kwa kuwa wako watu wetu wanaopatwa na kesi wakadhani kwamba hukumu ya kwanza ndiyo ya mwisho. Tutaanzia hapa kwetu.

Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadori Kola waliwakusanya Wagiriama, wakalishana kiapo kwamba hawatatoa vijana wao kwenda kufanya kazi ya Wazungu. Serikali iliwakamata wote wawili, ikawahamishia Kisii. Hapakusomwa mashtaka mbele ya jaji, wala haikuandikwa hukumu ambayo mtu angeweza kuikatia rufani. Ilitosha amri ya Serikali. Mwaka 1914 walitoroka wakarudi Pwani, safari ambayo hata leo kwa gari si fupi. Twaweza kusema kwamba miguu yao ndiyo iliyokuwa rufani yao. Agosti mwaka huohuo walikamatwa tena, na Kaya Fungo ikavunjwa kwa baruti.

Baadaye mahakama zilienea, lakini hazikuwa sawa kwa wote. Katika Koloni ya Kenya, Mzungu aliyeshtakiwa kosa kubwa alikuwa na haki ya juri, yaani watu wa kabila lake walioapishwa kusikiliza ushahidi na kuamua kama ana hatia. Mwafrika hakupewa haki hiyo. Yeye alihukumiwa na jaji aliyekaa pamoja na wazee wa baraza. Wazee hao walitoa maoni, lakini jaji hakulazimika kuyafuata: waliweza wote kusema mtu hana hatia, naye akanyongwa. Utaratibu huo wa wazee ulidumu muda mrefu baada ya Uhuru, ukafutwa mwaka 2007.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na mwaka 1953 zikaundwa mahakama maalum ili kesi za Mau Mau zikatwe upesi. Uchunguzi wa kwanza mbele ya hakimu, ambao humwezesha mshtakiwa kuujua ushahidi mapema, uliondolewa. Mtu aliyekutwa na bunduki au risasi tu aliweza kuhukumiwa kufa. Walionyongwa katika miaka ile walizidi 1,000. Hata hivyo rufani kwa Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki haikuondolewa, na wako waliookolewa nayo.

Lakini tutazame yaliyompata Bwana Achieng Oneko. Yeye, Mzee Jomo Kenyatta na wenzao wanne walihukumiwa Kapenguria, Aprili 1953, na hakimu mmoja, Thacker, kifungo cha miaka 7 kila mmoja. Walikata rufani. Januari 1954 Mahakama Kuu ilizikataa rufani za wengine, ikaikubali ya Oneko na kuifuta hatia yake. Je, alikwenda nyumbani? Hakwenda. Alizuiliwa kwa amri ya Serikali mpaka mwaka 1961, kama kwamba majaji hawakusema neno. Amri ya namna ileile iliyompeleka Mekatilili Kisii ilikuwa na nguvu kuliko rufani iliyoshinda. Tena, jambo ambalo sisi twaona uchungu kuliandika, mwaka 1969, Kenya ikiwa huru, mzee huyohuyo aliwekwa kizuizini bila kesi na Serikali yetu wenyewe, akatoka mwaka 1975.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, imeandika wazi kwamba aliyetiwa hatiani anayo haki ya kukata rufani katika mahakama ya juu, au kuomba hukumu yake itazamwe upya. Anayehukumiwa na hakimu, Kilifi au Malindi, hukata rufani yake Mahakama Kuu. Muda wake ni siku 14 tangu siku ya hukumu. Zikipita, ni lazima aombe ruhusa na kueleza sababu ya kuchelewa. Aliyefungwa na asiye na wakili aweza kumkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake za rufani, naye ni wajibu wake kuzipeleka mahakamani. Jamaa wasingoje mpaka wapate fedha za wakili, maana siku hizo 14 huhesabiwa hata wakiwa bado wanachanga.