Kisiwa cha Changuu na Jela Isiyopata Mfungwa

Mwezi uliopita kijana mmoja wa darasa langu hapa Tunduma alileta picha aliyoikata katika kalenda: jengo la mawe kando ya bahari ya Unguja, na chini yake maneno "Kisiwa cha Magereza". Akaniuliza, "Mwalimu, humo walifungwa wahalifu wangapi?" Nikamjibu ya kuwa hakufungwa hata mmoja. Darasa zima likacheka, likidhani nafanya mzaha. Basi nimeona vema kuieleza habari hii, maana kila mwaka watu wengi huvuka maji kwenda kuitazama jela hiyo, na baadhi yao hurudi na hadithi isiyotukia kamwe.

Jina la kisiwa ni Changuu, nalo latokana na samaki aitwaye changu. Kipo karibu na mji wa Zanzibar, safari ya nusu saa hivi kwa mashua ya mota, nacho ni kidogo sana: urefu wake wapata mita 800, na upana mita 230 tu. Zamani za Sultani Majid bin Said, katika miaka ya 1860, walipewa Waarabu wawili, nao wakakitumia kuwazuilia watumwa wakaidi kabla ya kuwauza au kuwapeleka ng'ambo. Na watumwa wa siku zile walitoka wapi? Wengi walishuka Kilwa kwa misafara itokayo nchi za Ziwa Nyasa, wamefungwa kongwa shingoni, kisha wakapakiwa majahazini. Nyasa si mbali na hapa petu. Kwa hiyo msomaji asidhani ya kuwa nasimulia habari za watu wa pwani peke yao.

Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa ili ajenge jela ya wahalifu wakali kutoka bara. (Sisi wa bara twatajwa hapa pasipo kuulizwa!) Mwaka 1894 jengo likamalizika. Walakini wafungwa hawakuletwa. Maradhi yalikuwa yakisafiri pamoja na meli, na mwaka 1896 tauni ilizuka Bombay. Serikali ikaona afadhali kisiwa kiwe karantini. Abiria waliotoka Bara Hindi walishushwa huko, wakakaa juma moja au mawili wakiangaliwa, na yule aliyeonekana mzima akaruhusiwa kuendelea na safari. Sisi wa mpakani twalielewa neno hilo upesi. Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliona malori yamepangana barabarani, madereva wakingoja kupimwa kabla ya kuvuka.

Meli za kuogopwa zilikuja hasa tangu Desemba hata Machi. Miezi mingine nyumba zilikuwa tupu, na wakubwa wa mji wakaenda huko kuoga na kupunga upepo. Huo ndio mwanzo wa Changuu kuwa mahali pa matembezi. Mwaka 1919 wakaongezeka wageni wa namna nyingine: kobe wanne wakubwa, zawadi ya gavana wa Shelisheli, wa jamii ile ya kisiwa cha Aldabra. Wakazaana hata mwaka 1955 walikuwa kama 200. Kisha wezi wakaingia, wakawaiba ili kuwauza ng'ambo, na mwaka 1996 walibaki saba tu! Ndipo walipojengewa ua na kulindwa, watoto wao wakatunzwa mbali na wezi, na leo ni wengi tena. Wageni huwalisha majani kwa mikono, na umri wa wengine umeandikwa kwa rangi juu ya gamba. Nilipofika huko niliwatazama kuliko nilivyolitazama jengo.

Huko Marekani, katika bustani ya michezo ya Disneyland, kuna kisiwa kilichofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Tom Sawyer, mtoto wa hadithi za Mark Twain. Mwaka 2007 wenye bustani wakakitia mambo ya maharamia, na mapango yakapata hazina za uongo. Sina neno juu yao. Mtoto aingiapo pale ajua kwamba anacheza, na mwenye mali ana ruhusa kubadili mchezo wake. Lakini Changuu hakikutengenezwa kwa mchezo. Jina la "Magereza" huvutia wageni, nao hupigwa picha penye kuta, wakihurumia wafungwa wa serikali ambao hawakuwapo. Na wale waliozuiliwa kweli kisiwani, waliokuwa hawana kosa ila kukataa utumwa, hawana ukuta wa kuonyeshwa. Nami nalichukia jina hilo kwa sababu lina ukweli nusu, tena nusu hiyo imebandikwa mahali pasipo pake.

Siku ya pili tuliibandika picha ile ukutani. Kijana akayafuta maneno ya kalenda, akaandika: "Changuu. Jengo la 1894, lilikuwa karantini." Wengine wakataka watumwa nao waandikwe. Tukabishana mahali pa kuandika, kwa kuwa jengo halikuwa lao. Mwishowe wakaandika habari zao pembeni, penye sehemu ya picha inayoonyesha mchanga na maji.