Mchezo bila diski: kwa nini bei haikushuka?

Katika sale za michezo za mitaa yetu, diski moja ya PlayStation hupita mikononi mwa watu wengi. Mmoja aliinunua, mwingine akaiazima, wa tatu akaiuza tena. Lakini huko Ulaya na Marekani diski inaendelea kupotea. Watu wananunua mchezo kwa intaneti na kuupakua. Sasa, kama hakuna diski, hakuna boksi, hakuna kamioni ya kuusafirisha, kwa nini mara nyingi bei imebaki ileile?

Turudi nyuma kidogo. Mwezi wa tisa mwaka wa 2003, kampuni ya Marekani iitwayo Valve ilifungua Steam. Mwaka wa 2004 ikatoa Half-Life 2 kwa njia mbili: ndani ya boksi na kwa kupakua. Hata aliyenunua boksi alilazimika kujiandikisha kwanza kwenye Steam ndipo acheze.

Mwaka wa 2009 Sony ikaleta PSP Go, mashine ndogo isiyo na nafasi ya diski. Marekani iliuzwa karibu dola 250, wakati PSP ya kawaida ilikuwa karibu dola 170. Mnunuzi alilipa zaidi, lakini hakuweza kuazimisha mchezo wala kuuuza. Watu hawakuipenda, na mwaka wa 2011 ikaachwa.

Sababu ni mbili. Kwanza, kampuni zilihitaji wenye maduka ili wawauzie mashine zao. Hazikutaka kuwakasirisha kwa kushusha bei kwenye intaneti. Pili, diski ina ushindani: duka hili likipandisha bei, lile linashusha, na diski iliyotumika ipo pia. Kwenye ordinateri, ambako maduka ya kupakua ni mengi, punguzo la bei ni jambo la kawaida. Lakini kwenye PlayStation duka la kupakua ni moja, la Sony mwenyewe. PS5 ilipotoka mwaka wa 2020, yenye nafasi ya diski iligharimu dola 499, isiyo nayo dola 399. Aliyeokoa dola 100 alijifungia katika duka hilo moja.

Wanunuzi wa Ufaransa walijaribu kupigania haki yao. Chama chao, UFC-Que Choisir, kilishtaki Valve. Tarehe 17 mwezi wa tisa mwaka wa 2019, tribinali ya Paris iliwapa haki ya kuuza tena mchezo waliopakua. Lakini mwaka wa 2022 mahakama ya rufani ilifuta uamuzi huo, na mwaka wa 2024 Cour de cassation ikakubaliana nayo.

Mwaka wa 2025 Nintendo iliuza Mario Kart World huko Ulaya kwa euro 80 kwa kupakua na euro 90 kwa boksi. Tofauti imeonekana basi. Lakini mwenye boksi akichoka anaweza kuliuza, na sehemu ya pesa yake inarudi. Aliyepakua harudishiwi kitu.

Kwetu sisi jambo hili si la mbali. Kijana asiye na dola 60 anacheza kwa sababu mwingine aliuza diski yake. Mchezo wa kupakua hauna mnunuzi wa pili. Diski zikiisha huko, bei ya kwanza ndiyo itakuwa bei pekee.